Huyo Wako Hata Kukohoa Hakohoi

Katikati ya mwaka 1995, mvulana wa darasa la saba katika shule moja ya msingi huko Kibakwe, wilayani Mpwapwa, mkoani Dodoma, aliandika mchezo wa kuigiza kwenye daftari la mistari, kurasa kumi na mbili mbele na nyuma. Ulikuwa mchezo wake wa kwanza, na shujaa wake hakuwa na doa. Aliamka kabla ya jogoo, akalima shamba la wazazi wake, akashika namba moja darasani, akakataa pombe, akaua simba aliyesumbua ng'ombe wa kijiji, kisha nyama aliyozawadiwa akawagawia wajane. Katika onyesho la tatu alimwokoa mtoto aliyetumbukia kisimani. Mwandishi alijipa nafasi hiyo mwenyewe.

Mchezo ulionyeshwa siku ya wazazi, uwanjani. Kina baba waliketi kwenye madawati yaliyotolewa nje, kina mama juu ya kanga walizotandika chini. Shujaa aliongea, na watu nao wakaongea. Aliua simba, ambaye alikuwa mwanafunzi wa darasa la tano ndani ya gunia, na mzee mmoja akaaga kwamba anakwenda kuwaangalia mbuzi wake. Uwanja ulichangamka mara moja tu, pale alipoingia mlevi.

Kwenye daftari mlevi huyo alikuwa na mistari minne. Kazi yake ilikuwa kumkaribisha shujaa kinywaji, akataliwe, aondoke. Mvulana aliyemwigiza akasahau maneno yake. Kwa hofu, akaanza kutafuta kofia ambayo ilikuwa kichwani mwake. Alipoipata aliisalimia kwa heshima zote, akaapa mbele yake kwamba leo ndiyo mwisho wa pombe, kisha akatazama kushoto na kulia kama kuna anayemwona, akaanza kuinyemelea chupa. Watu walishika mbavu. Alipotoka wakapiga kelele arudi, akarudi, akaapa upya. Shujaa alibaki amesimama pembeni na mkuki wake wa mbao, akingoja kelele ziishe.

Jioni ile bibi yake alikuwa akipepeta uwele uani. Mvulana akasogea, akakaa, akangoja kusifiwa.

"Mmeigiza vizuri, mjukuu wangu," bibi alisema bila kuinua macho kwenye ungo. "Ila huyo wako hata kukohoa hakohoi."

Mvulana yule sasa ni mtu mzima anayeishi kwa kuandika, na makala haya ni yake. Maneno ya bibi aliyachukulia kwanza kuwa ni dhihaka, akanuna siku mbili. Ilimchukua miaka mingi kugundua kwamba alikuwa amepewa somo zima la utunzi bure, tena bila kuacha kupepeta.

Somo la pili lilikuja kwa redio, na kwa watu wa Dodoma lilikuwa limecheleweshwa makusudi. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila kipindi, saa kumi na mbili na nusu jioni. Ulihusu uzazi wa mpango na UKIMWI, lakini ulisimuliwa kama mambo ya nyumba ya jirani. Mitambo ya mikoani iliupokea, isipokuwa wa Dodoma, ambao muda huo ulirusha vipindi vingine. Watafiti walitaka pawepo eneo lisilousikia, ili baadaye walilinganishe na yale yaliyousikia. Kwa miaka miwili Ugogo, nchi ya Wagogo wa Dodoma, ilikuwa upande wa pili wa mizani, na Kibakwe hakuna aliyekuwa na habari.

Lakini hadithi nzuri haizuiliki na mtambo. Iliingia na malori yaliyokuja kupakia mahindi na vitunguu. Utingo mmoja, ameketi juu ya magunia, aliwasimulia watoto habari za Mkwaju, dereva wa lori wa kwenye mchezo, ambaye wanawake hawakumtosha. Utingo alicheka sana. Dereva wake, aliyekuwa chini akigonga matairi kwa nondo kusikiliza kama yana upepo, hakucheka hata kidogo.

Septemba 1995, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu uhuru, mtambo wa Dodoma nao ukaanza kurusha Twende na Wakati. Redio ya karibu ilikuwa ya jirani, na betri zake zilikuwa zimeshachoka. Mchana zilianikwa juu ya bati zipate nguvu kidogo. Jioni zilirudishwa ndani zikiwa na joto bado, na mwenye redio alikataza isiwashwe kwa taarifa ya habari ili zisiishe kabla ya mchezo. Wanawake walikuja na kazi zao mikononi, karanga za kumenya, mtoto wa kusuka. Wanaume walikuja na kusimama nje ya ua, kama watu waliokuwa wakipita tu.

Mvulana alidhani wote wamemfuata Mkwaju. Mkwaju alikuwa na uchangamfu, na si muda mrefu vijana wa kijijini wakaanza kuitana jina hilo. Kumbe ua ule ulikuwa wa Tunu. Tunu ndiye mke wa Mkwaju. Alianza kama mke wa kunyamaza, anayevumilia visivyovumilika, na ilimchukua muda mrefu kupata ujasiri wa kuanza biashara yake ndogo na hatimaye kuachana na mume. Katika muda huo mrefu ndipo watu walipogombana.

"Mwanamke gani huyu, mbona haondoki?"

"Aende wapi? Kwao ng'ombe walishaliwa."

"Na watoto je?"

"Wewe ungeondoka?"

Swali la mwisho lilimwangukia mama mmoja aliyekuwa akimenya karanga, na hakulijibu. Maganda yaliendelea kudondoka. Mvulana aliona kitu ambacho mchezo wake wa siku ya wazazi haukukipata: watu wazima waligombana kwa sauti juu ya mtu ambaye hayupo, kisha wakanyamaza kwa sababu ya mtu aliyepo. Kuhusu shujaa wake wa mkuki wa mbao hakuna aliyekuwa ameuliza swali hata moja. Lingetoka wapi? Hakusita popote, na asiyesita hajawahi kumpa msikilizaji nafasi ya kuamua pamoja naye.

Miaka mingi baadaye, akiwa anasoma juu ya mchezo ule, mwandishi huyu alikuta kwamba kusita kwa Tunu kulipangwa kabla hata sauti ya kwanza haijarekodiwa. Mpango huo ulitoka Mexico, kwa mtayarishaji wa televisheni Miguel Sabido, ambaye katika miaka ya 1970 alitunga tamthilia za kuelimisha kwa kugawa wahusika makundi matatu. Wapo wema, wanaotenda yanayotakiwa; wapo wabaya, ambao mwisho wao ni fundisho; na wapo walio njiani, wanaovutwa na pande zote mbili, wanaokosea, wanaorudi nyuma na kujaribu tena. Kundi la tatu ndilo lililobeba mzigo. Mtazamaji humheshimu mwema na humcheka mbaya, lakini aliye njiani hutembea naye.

Sabido mwenyewe alikuwa ameshituliwa na tamthilia ya Peru iliyoanza mwaka 1969, Simplemente María. María alikuwa binti wa shamba aliyekuja Lima kufanya kazi za ndani. Alijifunza kusoma, akajifunza cherehani ya Singer, akapanda taratibu mwaka hadi mwaka hadi akawa mbunifu wa mavazi. Mauzo ya cherehani yalipanda popote tamthilia hiyo ilipoonyeshwa. Siku María alipofunga ndoa na mwalimu wake kwenye tamthilia, maelfu ya watu walifurika nje ya kanisa jijini Lima wakiwa na zawadi, kana kwamba wamealikwa na ndugu. Watu hao walikuwa na akili zao timamu, ila walikuwa wameingoja harusi hiyo tangu alipokuwa hajui kushika sindano.

Na Dodoma? Matokeo ya utafiti yalichapishwa mwaka 1999. Kule mchezo ulikosikika, watumiaji wa uzazi wa mpango waliongezeka; Dodoma hali haikubadilika hivyo mpaka mchezo ulipofika. Wataalamu wana maneno yao ya kueleza. Aliyekuwa kwenye ua ule anakumbuka zaidi kimya cha yule mama wa karanga.

Sekondari ilimkutanisha na wahusika wa vitabuni. Wa kwanza alikuwa Adili, wa Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1952. Jina lake limeshamaliza kazi: Adili ni mwadilifu, na nduguze Hasidi na Mwivu ndivyo walivyo. Kijana aliyetoka kutunga shujaa asiyekohoa alifurahi sana. Kumbe hata mkubwa wa waandishi alifanya hivyo. Lakini aliporudia kusoma aligundua kilichomshika katika kitabu kile. Adili ana manyani wawili ambao kwa kweli ni nduguze waliogeuzwa, na ameamriwa awacharaze kila usiku. Anawacharaza, na anawahurumia. Hapo ndipo Adili anapumua: mkono unatii, moyo unakataa. Shaaban Robert aliandika kwa kufuata desturi ya ngano, ambamo wema na ubaya huvaa nguo za rangi tofauti ili mtoto asizichanganye, na hata humo alijua mahali pa kuweka ufa.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikuja na ufa mtupu. Rosa Mistika, riwaya yake ya mwaka 1971, ilimfuata binti aliyelelewa kwa kipigo cha baba mlevi, Zakaria, kisha akatoka nyumbani na kuangukia kwenye uhuru asiojua kuutumia. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na nakala zikasomwa chini ya madawati. Rosa haendi juu, anaporomoka hadi kujiua. Lakini anaporomoka ngazi kwa ngazi, na katika kila ngazi msomaji anaona mlango ambao angeweza kutokea. Hilo lilimfundisha kijana kwamba badiliko la polepole si lazima liwe la kuelekea kwenye wema. Sharti ni kwamba kila hatua izaliwe na ile iliyotangulia.

Kisha yupo Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta mpelelezi huyo na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960. Bwana Msa huona wasichokiona wengine, na msomaji huridhika kumfuata kama Najum, msaidizi wake, anavyomfuata. Kitabu baada ya kitabu alikuwa hashindwi. Halafu mwaka 1984 Abdulla alitoa kitabu cha saba katika mfululizo huo na kukiita Kosa la Bwana Msa. Kijana alikiona mezani kwa muuza vitabu vikuukuu mjini Dodoma akiwa na nauli tu mfukoni. Alipokwisha kusoma jalada alikuwa ameshafanya hesabu ya kutembea. Vitabu vilivyojaa ushindi vingeweza kungoja mwezi ujao, kosa halikungojeka.

Basi akadhani amekwisha kuelewa, akatunga upya. Shujaa wa mara hii alikuwa anachechemea. Simba, kisima na wajane walibaki vilevile. Kilichoongezeka ni mguu. Mwalimu wake wa Kiswahili aliusoma mchezo wote na kuandika swali moja pembeni kwa wino mwekundu: "Mguu huu unamzuia nini?"

Haukumzuia chochote. Alichechemea mpaka kwa simba, akamuua.

Tofauti ya kilema na kasoro Waswahili wa pwani waliijua zamani. Fumo Liyongo, shujaa wa Pate, hakupenywa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Mtu anaweza kudhani kitovu ndicho udhaifu wake. Sicho, kitovu ni mlango tu. Udhaifu wake ni kwamba mtoto wake alipotumwa na maadui kuiuliza siri hiyo, naye Liyongo akihisi kwamba mtoto ametumwa, alimwambia. Upendo uliitangulia akili. Ndiyo maana simulizi imedumu karne kwa karne, na ndiyo maana picha yake ya mwisho, amekufa kwa goti kisimani na upinde umevutwa, watu wakiogopa kuteka maji, humuuma hata asiye na siri ya kitovu. Kilema kinamkaa mhusika mwilini. Kasoro yenyewe huamua badala yake, wakati ambapo angeweza kuamua vingine.

Jaribio la tatu lilimrudia yule mlevi. Sasa mlevi ndiye shujaa, akiwa na kofia yake na viapo vyake, na kurasa nane za mwanzo zilikwenda vizuri kuliko chochote alichowahi kuandika. Ukurasa wa tisa mlevi aliota ndoto mbaya. Ukurasa wa kumi aliamka ameacha pombe, akawahutubia wanakijiji wote juu ya madhara yake. Mhariri mmoja alimrudishia mswada huo na maneno mawili: "Usiku mmoja?"

Mwandishi alijua fika alikoitoa haraka ile. Aliitoa kwenye ngonjera. Mtindo huo uliasisiwa na mtu wa nyumbani, Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969, na kitabu chake Ngonjera za UKUTA kilipotoka mwaka 1970 kiliingia madarasani nchi nzima. Mjinga hubisha, mjuzi hujibu, mjinga hubisha tena, na beti za mwisho mjinga hukubali na wote husema pamoja. Shuleni mvulana yule aliwahi kupewa nafasi ya mjinga. Alibisha vikali mbele ya wageni kwamba kisomo hakina faida, na uji wa shule ulikuwa haujapoa alipokwisha kuongoka. Kwa ngonjera si kosa, kwa sababu yanayopambana pale ni mawazo, na wazo linaweza kushindwa kwa dakika kumi. Mlevi si wazo. Ana marafiki wanaomngoja kilabuni, ana mke aliyeshasikia viapo, ana Jumamosi.

Shafi Adam Shafi alilipa gharama ya kumbadilisha mtu polepole katika Kuli, riwaya ya mwaka 1979. Rashidi haamki asubuhi moja akawa mtu wa mgomo. Anafika mgomo wa Zanzibar wa mwaka 1948 kwa kupitia utoto wa kufiwa na baba, kazi ya ukuli bandarini, na maneno ya rafiki yake Faraji, ambayo kwanza yanampita, kisha yanamsumbua, kisha anayasema kama yake. Msomaji akifika kwenye mgomo, mabega yanamuuma kwa magunia aliyokwisha kubeba naye.

Miaka ya karibuni mwandishi alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu waliokuwa wakisoma Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthilia ya Edwin Semzaba ya mwaka 1988. Ngoswe ni karani wa sensa aliyefika kijijini kuhesabu watu, akampenda binti aitwaye Mazoea, na kazi ya serikali ikaishia motoni pale baba wa binti alipochoma karatasi. Watanzania wengi wamewahi kukutana na karani wa sensa, kwa hiyo darasa halikuhitaji maelezo.

Mwanafunzi mmoja alisimama akasema, kwa ufasaha wa majibu ya mtihani, kwamba Ngoswe anatufundisha tusichanganye mapenzi na kazi. Alipokaa, msichana wa dawati la nyuma akauliza kama Ngoswe alijua anakosea. Darasa likagawanyika papo hapo. Wapo waliosema alijua tangu mwanzo, wapo waliosema alijua karatasi zilipowaka. Mmoja akasema alijua kila siku lakini kila siku alijiambia kesho. Kengele ililia wakaendelea. Mgeni wao alikuwa ameandaa mhadhara wa nusu saa kuhusu ujenzi wa wahusika, akaukunja na kuuweka mfukoni.

Alirudi nyumbani siku hiyo akimfikiria bibi, ambaye alishafariki, na hadithi yake moja.

Bibi alikuwa na hadithi ya mjomba wake. Ilikuwa ya wakati wa Mtunya, njaa iliyoshika Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kupita wakichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na mvua nazo zikakataa. Bibi alikuwa hajazaliwa. Alisimuliwa na mama yake. Mjomba, wakati huo kijana, alivuka milima kwenda upande wa Ukaguru kutafuta chakula, akatembea siku nyingi, akarudi na mtama kwenye mfuko wa ngozi, na nyumba ikapona. Wajukuu waliiomba hadithi hiyo, lakini si mara nyingi. Ilikuwa nzuri, na ilikuwa imekwisha.

Mwaka mmoja baada ya mchezo wa siku ya wazazi, mvulana akiwa peke yake na bibi, aliuliza tu kwa sababu hapakuwa na la kusema: mjomba hakusikia njaa njiani?

Bibi aliweka ungo chini. Akasema alisikia. Chini ya mbuyu mmoja alikula konzi moja ya mtama, mbichi, bila kuupika. Kesho yake akala nyingine. Mfuko ulifika nyumbani nusu, naye akawaambia kuna watu walimnyang'anya njiani. Mama yake alimtazama mdomoni, akaona pumba zimeshika pembeni mwa midomo. Alipokea mfuko, akaingia ndani kusaga, asiseme neno.

"Mimi nilimkuta mzee," bibi aliendelea. "Kwenye chakula hakuwa anaanza. Anawa mikono, anakaa, anatazama mpaka wa mwisho ametosheka. Mwanzoni, mama aliniambia, alikuwa anashindwa. Anamega, anakumbuka, anarudisha tonge. Miaka mpaka akazoea. Sisi watoto tulidhani anaumwa tumbo."

Mvulana aliuliza kwa nini sehemu hiyo hakuwahi kuisimulia. Bibi akasema walikuwa hawajauliza.

Mswada ulioko mezani sasa ni wa mjomba huyo. Umeandikwa mara nne, na mara zote nne ulianzia milimani, kijana na mfuko begani, akishuka kwa ushujaa kuelekea nyumbani. Wiki iliyopita kurasa hizo ziliwekwa pembeni. Sura ya kwanza sasa inaanzia mlangoni: mama amepokea mfuko, amehisi uzito wake, na anatazama pumba tatu au nne kwenye midomo ya mwanawe, ambaye bado hajafungua kinywa kusema chochote.